Saa Kumi na Nne Kwenda, Miaka Kumi Kurudi

Ukiuliza simu yako Nairobi na New York ziko umbali gani, itakujibu kabla hujamaliza kuandika: takriban kilomita 11,800, masaa kumi na tano kwa ndege isiyotua njiani. Jibu safi kabisa. Tatizo ni kwamba halina mtu ndani yake.

Nataka kulibishia jibu hilo, na si kwa sababu ni uongo. Kilomita ni hizo, na tangu tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja kutoka JKIA hadi JFK, masaa nayo ni hayo. Nalibishia kwa sababu tumeanza kulitumia kuhukumu watu. Mtu akikosa mazishi, akikosa harusi ya dadake, mamake akilazwa na yeye haonekani, utasikia: "Kwani ni wapi? Si ni masaa kumi na tano tu?" Hiyo "tu" ndiyo inayonisumbua. Imebeba mashtaka, ushahidi na hukumu, vyote katika silabi moja.

Tuanze na hesabu, maana hata yenyewe haijatulia. Ndege ya kwenda New York huchukua kama saa 15. Ya kurudi Nairobi huchukua kama saa 14. Miji ni ile ile, ndege ni ile ile, Boeing 787, sasa hiyo saa moja imepotelea wapi? Imechukuliwa na upepo. Kule juu, Atlantiki ya kaskazini, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unapambana nao, ukirudi unakusukuma mgongoni. Na ule mstari mfupi kabisa kati ya miji hii miwili, ambao kwenye ramani huonekana umepinda kwa sababu dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, unakatiza Sahara na kutokea baharini upande wa Moroko. Marubani hawaufuati kama reli. Kuna anga zisizopitika kwa usalama. Ya Sudan, kwa mfano, ndege nyingi zimekuwa zikiizunguka tangu vita vilipolipuka Aprili 2023. Vita vya watu wengine vinaongeza dakika kwenye safari yako, na wewe umelala, mdomo wazi, hujui.

Wanahisabati wana sharti moja: ili kitu kiitwe umbali, kutoka A hadi B lazima kuwe sawa na kutoka B hadi A. Kwa sharti hilo, muda wa ndege si umbali. Ni kitu kingine ambacho bado hatujakipa jina. Upepo peke yake umeshaharibu ulinganifu, na upepo ndio mdogo wao.

Chukua Mmarekani wa New York anayetaka kuja Nairobi mwezi huu. Tangu Januari 2024, Kenya ilipoweka idhini ya kielektroniki badala ya viza, anajaza fomu mtandaoni akiwa kitandani, analipa pesa kidogo, anangoja. Sasa chukua Mkenya wa Umoja anayetaka kwenda New York mwezi huu. Fomu ipo, ndefu. Ada ni dola 185, ambazo hazirudi hata ukinyimwa. Kisha miadi ya mahojiano kule Gigiri, ambayo inaweza kuwa ya mbele sana kuliko harusi au ugonjwa unaoukimbilia. Kisha dakika chache mbele ya dirisha, kumthibitishia mtu usiyemjua kwamba una sababu ya kurudi kwenu. Bado hujagusa tiketi, ambayo hupita shilingi laki moja bila kutoa jasho.

Kwa hivyo New York iko mbali na Nairobi kuliko Nairobi ilivyo mbali na New York. Sentensi hiyo inasikika kama ya mtu aliyekunywa kitu. Lakini muulize yeyote aliyewahi kupanga ile foleni.

Zamani kutokuwepo hakukuwa kosa. Jomo Kenyatta alipanda meli kwenda Uingereza mwaka 1931 na hakuonekana tena nyumbani hadi Septemba 1946. Miaka 15. Mwaka 1959 Tom Mboya alikuwa na vijana waliokwisha pata nafasi na ufadhili katika vyuo vya Marekani, na kilichokosekana kilikuwa kitu cha aibu kidogo kukitaja, yaani nauli. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakaweka majina yao kwenye barua ya kuomba mchango (harambee, kwa kweli, ila imeandikwa Kiingereza), na Septemba ya mwaka huo ndege ya kukodi ikawatoa wanafunzi 81 Nairobi na kuwafikisha New York. Mwaka uliofuata ikaja pesa ya wakfu wa familia ya Kennedy, na miongoni mwa walioondoka 1960 alikuwemo msichana kutoka Nyeri, anayekwenda kusoma Kansas. Dunia ilikuja kumjua kama Wangari Maathai. Alirudi nyumbani 1966.

Zaidi ya miaka mitano. Ndani ya muda huo watu huzaliwa, huoana, huzikwa. Na hakuna aliyetarajia apande ndege Ijumaa, aje kumwaga machozi na mchanga Jumamosi, awe darasani Jumatatu. Aliyeondoka aliombewa na kuagwa kana kwamba huenda asionekane tena, na kutokuwepo kwake kulikuwa huzuni ya watu wote nyumbani. Halikuwa kosa la mtu mmoja.

Ndege ya moja kwa moja imeondoa huzuni hiyo, au angalau imeipunguza, na mahali pake imeweka lawama. Sidhani tumelitazama badiliko hili vizuri. Kuna kanuni katika falsafa, ambayo watu huihusisha na Kant, kwamba huwezi kumwambia mtu "lazima" mahali ambapo haiwezekani. Sawa. Lakini igeuze uone inavyouma: kitu kikishawezekana, "lazima" huja yenyewe, bila kualikwa, na kukaa sebuleni. Meli ya wiki kadhaa haikudai lolote kwako. Ndege ya usiku mmoja inadai. Ila kanuni haisemi inawezekana kwa nani, na hapo ndipo watu hudhulumiwa.

Nina binamu, mtoto wa shangazi yangu, anayeishi New Jersey. Jina lake tuliache. Alienda mwaka 2011 kwa viza ya matembezi, akaruhusiwa kukaa miezi sita, akakaa. Kila mtu anayesoma hapa ana mtu wa namna hiyo kwenye ukoo, tusijifanye. Shangazi alipofariki, Julai moja hivi karibuni, binamu yangu ndiye aliyelipa bili ya hospitali iliyobaki, akanunua jeneza, akakodisha hema na viti, na kwenye orodha ya kamati ya mazishi jina lake lilikaa juu kabisa, likiwa na sufuri nyingi kuliko sisi wengine tukijumlishwa. Mazishi yalikuwa Vihiga, Jumamosi, na yalirushwa moja kwa moja kwenye YouTube. Ibada ilipoanza saa tano asubuhi, kwake ilikuwa saa kumi alfajiri. Alitazama akiwa amevaa suti. Najua kwa sababu alituma picha, na suti hiyo usiku huo ndani ya nyumba yake mwenyewe ilinifanya nikose la kumwandikia.

Chini ya hema, minong'ono ilikuwa imeanza kabla chai haijaisha. "Kijana mkubwa hajaja." "Ati anatuma pesa." "Ndege ni masaa kumi na tano." Mtu mmoja, msomi, akarekebisha kwamba kurudi ni kumi na nne.

Yuko sahihi. Saa kumi na nne, kisha Kisumu chini ya saa moja kwa ndege ndogo, kisha gari. Binamu yangu angeondoka New York Alhamisi na angelala Vihiga Ijumaa. Kitabuni, inawezekana kabisa.

Lakini iko sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1996, na hii nataka tuisome polepole kwa sababu mantiki yake ni ya ajabu. Ukikaa nchini humo bila kibali zaidi ya siku 180, kisha ukaondoka, huruhusiwi kurudi kwa miaka 3. Ukikaa mwaka mzima au zaidi, kisha ukaondoka, ni miaka 10. Angalia neno "ukaondoka". Ukibaki, hiyo adhabu haianzi kuhesabika. Inaanza siku unapotoka. Sheria iliyokusudiwa kuwafanya watu waondoke imejenga ukuta ambao mlango wake unakufungia ndani, na anayethubutu kwenda kumzika mamake ndiye anayeadhibiwa zaidi ya yule anayelala tu.

Kwa hivyo kwa binamu yangu, Nairobi iko saa 14 kutoka New York, na New York iko miaka 10 kutoka Nairobi. Ndege ni moja, kiti pengine ni kile kile. Na huko New Jersey ana binti wa miaka saba. Piga hesabu mwenyewe huyo mtoto atakuwa na miaka mingapi.

Hapa baadhi ya wasomaji watasema: basi asingekaa bila makaratasi. Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuipuuza. Alivunja sheria ya watu, alijua anaivunja, na maisha yake ya sasa yamejengwa juu ya uamuzi huo. Lakini angalia tumeshahama kutoka kosa gani kwenda kosa gani. Lawama ya chini ya hema haikuwa kwamba alikaa Marekani kinyume cha sheria. Hakuna aliyesema hivyo. Wote pale wamewahi kumwomba pesa alizozitafuta kwa kukaa huko, wengine na "ya kutolea" juu. Lawama ilikuwa kwamba hampendi mamake vya kutosha kupanda ndege. Hayo ni mashtaka mawili tofauti, na si haki kumfungulia mtu moja halafu ukamhukumu kwa lingine.

Sasa tuje kwa Peter Singer, maana haiwezekani kuandika juu ya umbali na wajibu bila kukutana naye mlangoni. Mwaka 1972, mwanafalsafa huyu wa Australia, akiwa na wakimbizi wa Bengali Mashariki akilini, aliandika insha ambayo bado inasumbua madarasa ya falsafa. Ukimwona mtoto anazama kwenye kidimbwi, utaingia kumtoa hata kama nguo zitachafuka. Je, mtoto huyo akiwa maelfu ya kilomita mbali, na wewe unaweza kumwokoa kwa mchango, umbali unabadilisha nini? Singer anajibu: hakuna. Umbali ni jambo la jiografia. Kimaadili hauna uzito.

Mimi namkubali Singer kwa nusu, na nusu hiyo ni kubwa. Kuhusu bili ya hospitali, yuko sawa kabisa. M-Pesa haijui Atlantiki ni nini. Kwa wajibu unaoweza kutumwa (karo, dawa, mabati, jeneza), New Jersey na Vihiga ni mlango kwa mlango, na binamu yangu alikuwa jirani bora kuliko wengi waliokuwa na nyumba mita mia mbili kutoka kwa mgonjwa. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wahenga hawakuwa na simu. Fimbo hii ya mbali iliua nyoka wengi tu, kwa miaka zaidi ya kumi, na kila mwezi.

Lakini kuna wajibu usiotumwa. Kumshika mgonjwa mkono. Kumgeuza kitandani. Kusimama kando ya kaburi na kutupa konzi ya udongo. Hapa Singer hanisaidii, kwa sababu mfano wake ni wa kuokoa, na anayeokolewa hajali mkono wa nani umemtoa majini. Mtoto wa kidimbwini anahitaji mtu. Mama anayekufa humhitaji huyu. Huwezi kutuma mwakilishi. Wajibu wa namna hii umefungwa ndani ya mwili, na mwili, pamoja na teknolojia yetu yote, bado unasafiri kwa mwendo wa ndege na kwa ruhusa ya serikali. Pesa ina mabawa, mwili una pasipoti.

Kenya tunalijua hili kuliko wengi. S. M. Otieno, wakili wa Nairobi, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka amzike kwenye shamba lao karibu na Nairobi, nao ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Nairobi hadi Siaya ni safari ya siku moja kwa gari, hata ukisimama Nakuru kula. Mwili wa Otieno uliichukua safari hiyo kwa siku 154, ukapitia mahakama hadi ile ya rufaa, ukazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Hata mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliitwa kutoa ushahidi. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote juu ya nani alipaswa kushinda (mimi nadhani mjane alionewa), lakini hakuna aliyebisha kwamba mwili uko wapi, na nani amesimama kando yake, ni jambo la kufia. Kwa hivyo wale wa chini ya hema hawakuwa wakijitungia. Waliona pengo, na pengo lilikuwepo kweli. Walichokosea ni kipimo.

John Mbiti, mtu wa Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba wakati katika fikra za jadi za Kiafrika hautengenezwi na namba bali na matukio, na akachukua maneno yetu wenyewe, sasa na zamani, kuyaeleza. Alipingwa sana, hasa aliposema kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo katika fikra hizo, na nadhani waliompinga pale walikuwa na haki. Lakini kwa umbali namwona ana neno. Nilimuuliza binamu yangu siku moja anaonaje, Marekani ni mbali? Hakutaja kilomita. Alisema, "Nimekosa mazishi sita." Ndicho kipimo chake. Kuna wanaopima umbali kwa masaa na kuna wanaoupima kwa mazishi, na mazungumzo kati yao huwa magumu, kama mtu wa kilo anayemuuzia mtu wa debe.

Kazi yake huko, kwa bahati ambayo sijui niiiteje, ni kuwatunza wazee. Kuna mama mmoja, miaka tisini na kitu, ambaye binamu yangu humwogesha, humlisha, humgeuza usiku ili ngozi isichubuke. Humwita "mama" kwa sababu hajui kumwita mtu wa umri huo kwa jina. Watoto wa huyo mama wako Los Angeles. New York hadi Los Angeles ni kama saa sita kwa ndege. Hakuna viza, hakuna mahojiano, hakuna miaka kumi. Wanakuja Sikukuu ya Shukrani.

Simlaumu mtu wa Los Angeles nisiyemjua, huenda ana sababu zake. Nasema tu kwamba wajibu ule usiotumwa, wa mwili, umeuzwa pale kwa saa, na aliyeununua anaweza kupanda ndege wakati wowote, na aliyeuuza hawezi. Binamu yangu anatoa kwa mama wa mtu mwingine kile kile ambacho watu wa Vihiga wanamlaumu kwa kutompa mamake. Ukitafuta mahali ambapo neno "umbali" linafichua utajiri na umaskini bila kuvaa nguo, ni hapo, kwenye chumba hicho, saa nane usiku.

Na kwa upande wa pili, tusilifanye neno "mbali" kuwa takatifu. Kuna watu wa majuu wenye makaratasi yote, wenye likizo na akiba, ambao kila mwaka ushago ni mbali lakini Cancún ni karibu. Wala huhitaji kuvuka bahari kuwapata. Nairobi hadi Mombasa ni kama saa moja angani, na treni ya mchana ni saa tano hivi. Kisumu ndege haimalizi saa. Kuna watu wa Kilimani ambao Kisumu kwao iko mbali kuliko Dubai. Hao wakisema "mbali" wanamaanisha "sitaki", na wangesema hivyo tu ingekuwa heshima zaidi, maana "sitaki" angalau unaweza kuijibu. "Mbali" ya uongo inamwibia yule mwenye "mbali" ya kweli. Kila anayelitumia neno hilo kama kisingizio anamwachia binamu yangu sarafu iliyochakaa, akiitoa hakuna anayeipokea.

Ndiyo maana sitaki kanuni ya jumla hapa, ya kwamba aliye mbali asamehewe au aliye mbali alaumiwe. Ninachodai ni kidogo: kabla hujasema "ni masaa fulani tu", hesabu safari yote. Hesabu na kurudi. Safari ya mtu haiishii pale wewe unapomwona.

Nilijaribu kumweleza hivyo mzee mmoja wa ukoo, jioni ya mazishi, viti vikipakiwa kwenye lori. Nilimwambia habari ya miaka kumi, ya yule mtoto wa miaka saba. Alisikiliza vizuri, bila kunikatiza, kichwa kikiwa upande. Kisha akasema, "Nimekuelewa, mwanangu. Lakini bado angekuja." Nikamuuliza, na mtoto je? Akasema, "Mtoto ana mamake. Huyu tumezika leo alikuwa mmoja."

Nadhani amekosea. Mtoto naye ana baba mmoja, na aliye hai anadai zaidi ya aliyekufa, hasa aliye hai ambaye bado anajifunza kusoma. Lakini siwezi kusema mzee alisema upuuzi. Alikuwa ameisikia bei yote, pamoja na kurudi, na bado akaona mazishi yanastahili. Hiyo si ile "tu" ya wengine. Ni hukumu ya mtu aliyefanya hesabu hadi mwisho, na mtu wa namna hiyo nitabishana naye kwa heshima, na nitamwacha na jibu lake.

Kitu ambacho mzee hakukijua, na ambacho mimi nilikijua wakati huo kwa sababu nilikuwepo chumbani, ni kwamba shangazi mwenyewe alishalizungumza jambo hili. Wiki tatu kabla hajafariki, simu ikiwa imeegemezwa kwenye jagi la maji ili mwanawe aonekane, alimwambia, "Baba, usije." Alivyozoea, humwita mwanawe baba. "Ukija, hawa utawaachia nani?" Akaonyesha kwa kidevu wale wadogo wawili waliokuwa mlangoni, mmoja kidato cha tatu, mwingine anangoja kwenda chuo. Binamu yangu akasema, "Mama, nitakuja." Shangazi akasema tena, "Usije."

Kwa kawaida anayedai deni ndiye mwenye haki ya kulifuta. Ukinidai elfu tano ukaniambia niache, nimeachiliwa, na hakuna jirani anayeweza kuja kunidai kwa niaba yako. Kwa hesabu hiyo kesi imefungwa: aliyekuwa na haki ya kuwa na mwanawe kando ya kitanda aliiachilia haki yake kwa mdomo wake, na minong'ono yote ya chini ya hema haina mahali pa kusimama.

Lakini nimerudi kwenye ile sauti mara nyingi na sina uhakika kwamba alikuwa huru kusema kitu kingine. Alisema usije kwa sababu ya karo ya wale wawili. Karo ilitegemea New Jersey. New Jersey ilitegemea kutoondoka. Ile sheria ya 1996 ambayo hakuwahi kuisikia, iliyoandikwa Washington na watu wasiojua Vihiga iko wapi, ilikuwa imekaa naye kitandani ikimsaidia kuchagua maneno. Mtu akisamehe deni akiwa amebanwa ukutani, je, limesamehewa? Binamu yangu anaamini halijasamehewa. Analilipa kila usiku kwa mama wa watu wa Los Angeles, ingawa anajua vizuri kwamba malipo hayo hayaendi anakodaiwa.